Sare ya Tetsuyama

Tokyo, 29 Julai 1962

Kwa wanachama wote wa Chama cha Mieleka, Changamwe.
Katibu Tsuma Kaviha aisome kwa sauti, kikao kikishatimia.

Wapiganaji wenzangu, nyinyi mliotoka shedi za bandarini na vumbi la saruji kwenye kope, na nyinyi mliovuka feri kutoka Likoni baada ya kazi ya kutwa: nawasalimu kwa jina la vita tunavyopigana pamoja, mimi nikiwa huku madawatini na nyinyi huko chini ya magunia.

Nilipoondoka Makerere kuja kusoma uchumi katika nchi hii, mliniagiza niwaandikie kila nitakachokiona kinachoweza kutufaa. Nimeona viwanda, nimeona treni zisizochelewa hata dakika. Lakini leo nawaandikia juu ya pambano la mieleka.

Katika ukumbi ulio karibu na ninapolala, kila mwaka huonyeshwa filamu ya pambano la ubingwa lililopiganwa miaka mitano iliyopita. Watu walioliona kwa macho yao wenyewe huja kulitazama tena, na hulijua dakika kwa dakika. Jana niliketi miongoni mwao.

Upande mmoja wa ulingo alisimama Mallory, Mmarekani, bingwa wa dunia, ratili mia mbili na sitini, shingo pana kuliko kichwa. Upande wa pili alisimama Tetsuyama, mwana wa nchi hii, ratili mia na tisini. Muda uliwekwa dakika sitini. Kwa robo saa ya kwanza Mallory alimbana kichwa Tetsuyama kwapani kama mtu aliyebeba tikiti maji. Watu waliokuwa mbele yangu, wanaojua mwisho wake, walikuwa wakiuma vidole. Dakika ya ishirini na tatu Tetsuyama alichomoka, akaukamata mkono wa Mmarekani, akaupeleka nyuma, kifundo kikafika begani. Na dakika ya arubaini, ndugu zangu, alimwinua. Alimwinua Mallory mzima mzima juu ya kichwa chake, akazunguka naye mara mbili, akamtupa. Ukumbi ulisimama. Kengele ilipolia dakika ya sitini, wote wawili walikuwa wamepiga magoti, wameshikana mabega, na hakuna aliyeshindwa.

Sare. Mshipi wa ubingwa ulibaki kwa Mallory, kama ilivyo kanuni. Lakini mzee aliyekaa kando yangu alikuwa akilia, na aliponiona namtazama alinionyesha ngumi yake iliyofungwa.

Sasa nisikilizeni. Hakuna aliyempa Tetsuyama sare ile. Hakuiomba. Hakuiandikia barua ya heshima. Hakuikalia mezani kwa chai na biskuti kama wafanyavyo wale wanasiasa wanaosafiri kwenda London na mikoba. Aliichukua kwa mikono yake kutoka kwa mtu aliyemzidi ratili sabini. Ratili si hoja. Anayesubiri kupewa atakufa akisubiri, na mkono wa anayeonea unafahamu lugha moja tu, ya kupindwa nyuma hadi kifundo kifike begani.

Mwenzenu katika mapambano,
Khatibu Abdillahi

---

Changamwe, 19 Agosti 1962

Ndugu Khatibu,

Salamu sana, nasi huku hatujambo. Barua yako niliisoma Jumapili iliyopita mara tatu, kwa sababu waliocheleweshwa na feri walidai haki yao. Yule askari kanzu, ambaye siku zote hukaa karibu na mlango akijifanya anapenda mieleka, safari hii aliipenda kweli. Aliniuliza jina la Tetsuyama linaandikwaje.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nilipofika kwenye maneno yako "ratili si hoja", shemeji yako Ruwa alisimama.

"Ratili si hoja," akasema.

"Wewe zako ngapi?" Baya, mwenzake wa gengi, akamwuliza.

"Mia na arubaini."

"Na viatu?"

"Nikivaa vyako, mia na hamsini. Vina tope la mwaka juzi."

Watu wakacheka, tukadhani yamekwisha. Kumbe Jumatatu asubuhi, gengi zima la makuli likiwa limepangwa mstari kusubiri kuitwa namba, Ruwa alitoka mbele akamwambia Bwana Holloway apande naye ulingoni. Unamkumbuka Holloway, msimamizi wao? Ni mtu mzito, ratili mia mbili na thelathini. Alipigana mieleka jeshini, na hupenda kusema kwamba hajaona kuli wa Mombasa atakayesimama naye dakika tano. Alicheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akakubali mbele ya watu wote.

Pambano litakuwa Jumapili, tarehe 28 Oktoba, katika ukumbi wetu hapa Changamwe. Kibali kimeshatoka, maana ni mchezo, si siasa.

Mimi ni katibu, kazi yangu ni kuandika, lakini nakuandikia pia kama mtu aliyekaa nawe dawati moja mpaka darasa la nane. Ruwa si mwanamieleka. Alijiunga na chama kwa ajili ya mikutano. Na dada yako Mishi ni mjamzito, anatarajiwa mwezi wa Novemba. Ruwa anasema atafanya kama alivyofanya Tetsuyama, kila dakika kama ulivyoiandika. Basi niambie kweli, bwana: hayo uliyoyaandika ndivyo yalivyokuwa?

Wako,
Tsuma

---

Tokyo, 3 Septemba 1962

Ndugu Tsuma,

Ndivyo yalivyokuwa. Niliyaona kwa macho haya mawili, na walioyaona pamoja nami ni mamia.

Barua yako ilinifanya nitembee barabarani nikicheka peke yangu, mpaka Wajapani wakanipisha. Umeelewa maana ya jambo hili? Kwa miaka hamsini mtu wa bandarini ameitwa kwa namba iliyochongwa kwenye kibati, na leo namba imetoka kwenye mstari ikamwita bwana wake ulingoni.

Mwambie Ruwa aimarishe shingo, maana robo saa ya kwanza ataipitisha kwapani mwa mtu. Aache Holloway achoke. Kisha mkono: aukamate juu kidogo ya kiwiko, aupeleke nyuma, apandishe. Kuhusu kumwinua, atumie mapaja, si mgongo. Tetsuyama alifanya hivyo.

Dada Mishi asitiwe hofu. Mpelekee salamu zangu, umwambie historia haingoji mimba.

Wako katika mapambano,
Khatibu

---

Shika Adabu, Likoni
17 Septemba 1962

Mdogo wangu Khatibu,

Tsuma amenisomea barua yako, kisha nikamnyang'anya nikaisoma mwenyewe, maana nilimwona anaruka mstari. Historia haingoji mimba, umesema. Mimba nayo haikuingoja historia. Imefika mwezi wa saba.

Sasa nikueleze hali ya nyumba. Kila jioni Ruwa hujilaza chali uani, Baya na wenzake humwekea gunia shingoni, wakahesabu. Mume wangu hawezi tena kugeuza kichwa upande wa kushoto. Akitoa salamu kwenye sala, ya kulia anaitoa vizuri, ya kushoto inamshinda. Nikimwambia aache, ananijibu kwa maneno yako. Ananiambia "Tetsuyama" kama mtu aliyemjua tangu utotoni.

Nina swali moja. Usinijibu kwa hotuba.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akicheza kirumbizi kwenye harusi? Wewe ulikuwa ukitazama fimbo, na kila moja ikielekea kichwani mwake ulifumba macho. Mimi nilikuwa nikitazama miguu. Baba akishatoa mguu, mwenzake anajua fimbo itakuja wapi, na anaiweka yake kuikinga, na ngoma inaendelea. Watu wanapiga vigelegele, na hakuna aliyepasuka. Aliyempasua mwenzake ndiye aliyekuwa akizomewa mpaka kwake. Ulilia sana siku ile uliyodhani mzee Mwarandu amemwua Baba, nao wawili walikuwa nyuma ya nyumba wanakula biriani sahani moja.

Swali langu ni hili. Mallory alipoinuliwa, aliruka au hakuruka? Mimi humwinua Bibi kila siku nikimwogesha. Ni mwepesi kama kuku, na siku akikataa kuinuka siwezi kumtoa kitandani. Mtu wa ratili mia mbili na sitini hatoki chini kama mwenyewe hataki.

Nenda ukatazame magoti yake. Kisha uniandikie upesi, kwa sababu mtoto huyu nataka amkute babake na shingo.

Dada yako,
Mishi

---

Tokyo, 4 Oktoba 1962

Dada Mishi, shikamoo.

Aliruka.

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Siku ya kwanza niliikasirikia. Siku ya pili nilikwenda ukumbini, nikamsihi mwendeshaji wa filamu anionyeshe kipande kile peke yake. Akanionyesha, nikaomba tena, mpaka mara ya sita. Kabla Tetsuyama hajanyoosha mapaja, magoti ya Mallory yanakunjika. Visigino vinaondoka kwanza. Na mkono wake wa kushoto, ambao mimi niliuona ukipapatika hewani, umekaa begani kwa Tetsuyama ukimtegemeza.

Mwendeshaji alicheka kwa kuniona nimeduwaa, akanielekeza kwa mwamuzi wa pambano lile. Anaitwa Onoda, amestaafu, siku hizi anafundisha watoto judo. Nilimkuta anakunja makoti yao. Nilimwuliza kwa Kijapani changu kibovu kama pambano lilipangwa. Akaniuliza:

"Umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu."

"Na hukuliona mwenyewe?"

"Dada yangu aliliona, akiwa Afrika."

Akasema angependa kukutana nawe.

Kisha alinieleza. Kabla ya pambano walikaa watu watatu, wao wawili na yeye mwamuzi, katika nyumba ya wageni, siku mbili. Mallory alitaka kushinda. Tetsuyama alitaka kushinda. Waligombana mpaka mwenye nyumba akatishia kuwatoa. Sare ilipatikana siku ya pili kabla ya chakula cha mchana, na kila mmoja alidhani amepunjwa. Nilimwambia, basi watu wanalia kwa uongo. Onoda aliacha kukunja makoti. Akasema: "Miaka kumi na miwili kabla ya siku ile, wawili hawa walikuwa katika majeshi yaliyokuwa yakiuana. Kwa saa nzima kila mmoja alimpa mwenzake shingo yake aishike. Walishikana kweli, na waliumia kweli. Wewe una adui gani unayeweza kumpa shingo yako kwa dakika moja?"

Siku ya tatu na ya nne nilizitumia kutafuta namna ya kukuandikia haya bila kujiaibisha, na sikuiona. Niliandika kwamba Tetsuyama hakuikalia mezani sare yake. Aliikalia. Niliyaandika yale kwa sababu nilitaka yawe hivyo, na kwa sababu nilijua nyinyi mtaniamini. Halafu nikamfundisha mume wako kumwinua mtu asiyetaka kuinuliwa.

Holloway hatakunja magoti. Atakuwa anapigana kweli, mbele ya watu anaowasimamia. Namsihi Ruwa asipande. Kama ni aibu, iwe yangu: Tsuma asome barua hii kikaoni, neno kwa neno, na mstari wowote asiruke.

Mdogo wako,
Khatibu

---

Changamwe, 31 Oktoba 1962

Ndugu Khatibu,

Ruwa mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika tarehe 16. Mishi alivuka feri na tumbo lake, akaja mpaka kwangu, akanikabidhi. Nikaisoma kikaoni jioni ileile kama ulivyoagiza, wala sikuruka. Nilitarajia watu watakasirika. Baya ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ni kirumbizi," akasema. "Sasa msomi wetu alidhani ni nini?" Wakacheka mpaka askari kanzu naye akacheka, akakumbuka kazi yake, akainamia daftari.

Ruwa hakucheka. Aliniomba nisome tena mahali pale pa nyumba ya wageni. Kisha akasema hatajitoa, kwa sababu akijitoa Holloway atalisimulia jambo hili mpaka siku ya kuzikwa kwake, na kila kuli atakayefungua mdomo atakumbushwa. Mishi akamjibu palepale, mbele ya wanaume wote, akiwa amesimama dirishani kwa nje: "Nani amekwambia ujitoe? Nenda ukakae naye."

Kukaa na Holloway. Hakuna kuli aliyewahi kukaa ofisini kwake. Husimama mlangoni, kofia mkononi.

Siku ya pili Ruwa alikwenda, nami nikamfuata kama mkalimani. Aliingia, akavuta kiti, akakaa. Holloway akawa mwekundu. Ruwa akamwambia, nami nikatafsiri: "Bwana, wewe ukinivunja shingo mbele ya watu elfu, siku ya pili hutapata gengi la kushusha meli hata moja. Mimi nikikuvunja wewe, nitafungwa. Tuzungumze."

Holloway akainuka, nikadhani anatufukuza, kumbe anafunga mlango. Alivuta suruali juu akatuonyesha goti lake. Limevimba kama fenesi, lilivunjika jeshini. Alisema tangu Agosti hajalala vizuri, kwa kuogopa kumwua mtu na kwa kuogopa kuanguka mwenyewe.

Walifanya mazoezi siku tisa kwenye mchanga, upande wa Likoni, jioni baada ya kazi. Mishi alikaa juu ya pipa akiwatazama miguu. "Umechelewa kuruka," humwambia Mzungu. Alianza kumwambia kwa Kiswahili, na Mzungu akaanza kuelewa. Siku mbili za kwanza Holloway alikuwa akimwita Ruwa "sabini na mbili", namba ya kibati chake. Siku ya tatu alipokuwa chini, goti limemkamata, alipiga ukelele "Ruwa, niachie", na tangu hapo hakurudi kwenye namba. Nadhani si rahisi kuiomba namba ikuachie.

Siku yenyewe nilipanda ulingoni nikatangaza kwamba hawa wawili wamekaa, wamekubaliana, na watacheza. Nilidhani watu watadai warudishiwe viingilio vyao. Waliitikia kwa vigelegele, na wazee wa Likoni waliokuja na ngoma zao wakaanza kupiga bila kuulizwa. Mwanatabu muuza maandazi alisema afadhali, kwa kuwa watu wakija kutazama maiti hawanunui.

Hawakufika dakika sitini, walifika ishirini na mbili. Ruwa alimwinua. Nakuapia, nilijua kwamba Mzungu ataruka, nilimwona akikunja magoti, na nywele zilinisimama. Waliposhuka Holloway alichelewa kutanguliza mkono, kiwiko chake kikampasua Ruwa mdomo. Wazee walimzomea, kama inavyopasa. Holloway alisimama akapokea mzomeo wake, kisha akamfuta Ruwa damu kwa fulana yake mwenyewe. Sare.

Sijui haya yatafika wapi. Juzi Jumatatu, kwenye mstari, Holloway aliita majina. Si yote, alikwama kwenye majina ya Kigiriama, lakini aliita. Na gengi limemwomba akae nao Jumamosi ya tarehe 8 Desemba kuzungumzia kamba mbovu za winchi, zilizomwangushia mtu mzigo mguuni mwaka huu. Amekubali kukaa. Kukubali kubadilisha kamba ni jambo jingine, na wako wenzetu wanaosema ametulaza usingizi. Kuna mjadala mkali. Tunahitaji kikao kikubwa baada ya siku hiyo. Tangazo liandike wewe, maana wakisikia ni lako watakuja, japo kukucheka.

Wako,
Tsuma

---

Tokyo, 15 Novemba 1962

Kwa wanachama wote wa Chama cha Mieleka, Changamwe, na kwa jirani zao wa Likoni na Kisauni.

Wapiganaji wenzangu, na kwa kuwa nimejifunza kuwataja ipasavyo, walimu wangu:

Nilihakiki pambano mbele yenu, na uhakiki wangu ulikuwa na kosa. Nilisema kweli juu ya dakika sitini na nikadanganyika juu ya siku mbili zilizozitangulia. Nausahihisha hapa hadharani. Tetsuyama hakupewa sare, hilo nalishikilia. Lakini hakuipata kwa mapaja peke yake. Aliipata kwa kukaa kitini mbele ya mtu aliyemzidi nguvu, akakataa kuinuka mpaka akubaliwe kuwa ni mpinzani, si mfuko wa kupigwa. Mimi niliwakejeli wanaokaa mezani. Nilipaswa kuuliza wanakaa vipi.

Msidhani moto wangu umezimika. Ndugu Tsuma ameniandikia kwamba wako wanaosema Holloway amewalaza usingizi. Wanaosema hivyo nawaheshimu, na nataka wawepo, tena wakae mbele. Mtu akikubali kukaa nanyi ameshakubali kwamba mpo. Hajakubali kingine chochote. Kamba zile bado ni mbovu. Jumamosi ile muingie na urefu wa kila kamba, tarehe ilipokatika, na jina la aliyeumia. Akisema hapana, mjue mapema mtafanya nini Jumatatu, nanyi mjue nyote pamoja. Akisema ndiyo, muulize lini.

Nchi yetu nayo inakwenda kukaa kitini. Watu wetu watakaa na serikali, watakaa wao kwa wao, watu wa mwambao na watu wa bara, na kila mmoja atadhani amepunjwa. Nilikuwa nikiliogopa jambo hilo. Tangu nisome habari za mtu aliyepasuliwa mdomo akafutwa damu, siliogopi kama zamani.

Shemeji Ruwa, nisamehe shingo yako. Dada Mishi, sina hotuba.

Sasa tangazo, ambalo Katibu alibandike mlangoni na alisome mara tatu, kwa ajili ya wanaocheleweshwa na feri:

Kikao kikuu kitafanyika Jumapili, tarehe 9 Desemba 1962, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa Changamwe. Wajumbe watatoa habari ya mazungumzo ya kamba za winchi, na kila mwanachama atapata nafasi ya kuuliza na kupinga. Wanawake wataketi ndani, viti vya mbele. Askari kanzu naye anakaribishwa, apewe kiti chenye meza. Saa kumi, ndugu zangu, si saa kumi na nusu.

Khatibu Abdillahi